Mabaka ya Kuwasha Yasiyokwisha: Kwa Nini Daktari Anakupandisha Mizani?

Mwaka jana binti wa marehemu dada yangu aliniomba nimsindikize kwa daktari wa ngozi hapa Maskati. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu akisumbuliwa na mabaka ya kuwasha. Yanamtoka mapajani, tumboni na mikononi, yamevimba kama mtu aliyeumwa na mbu mia kwa pamoja. Asubuhi yamepotea, jioni yametokea mahali pengine. Usiku halali, na mchana anasinzia kazini.

Tulipoingia, jambo la kwanza muuguzi alimwambia avue viatu apande mizani. Nikamuona uso umembadilika. Tulipotoka akaniambia, "Mjomba, mimi nimekwenda na ngozi, wao wananipima unene. Mtu mnene hata akiumwa jino ataambiwa apunguze kula."

Maneno hayo yalinikaa moyoni. Mimi si daktari. Nilikuwa karani kwa zaidi ya miaka thelathini, na elimu yangu ni ya skuli ya misheni, ambako tulifundishwa kwamba jambo usilolielewa uliulize mpaka ulielewe, kisha uliandike. Basi nikauliza, nikasoma, na nikarudi naye kwa daktari kila alipoitwa. Haya ninayoyaeleza ameniruhusu mwenyewe, kwa sharti nisimtaje jina. Nayaandika kwa sababu katika familia zetu za huku Ghuba hayuko peke yake: wapo wengi wanaojikuna kimyakimya, na wapo wengi walioongezeka uzito, na mara nyingi ni mtu yule yule.

Maradhi yenyewe ni yepi

Wengi wetu tukiona mabaka ya namna hii husema "aleji", au "hasasiya" kama wasemavyo Waarabu. Madaktari huyaita urtikaria. Baka moja likitoka, kwa kawaida halikai zaidi ya saa 24. Linazama bila ya kuacha alama, na jengine linaibuka kwengine. Baadhi ya wagonjwa huvimba pia midomo au kope za macho. Yakidumu chini ya wiki 6 huhesabiwa ni ya muda mfupi, nayo huweza kuletwa na homa, dawa au chakula. Yakipindukia wiki 6, yakija karibu kila siku, hapo huitwa sugu. Inakadiriwa kuwa katika kila watu 100, mmoja hivi atayapata maradhi haya sugu katika maisha yake, na wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume. Hayaambukizi. Huyapati kwa kulala kitanda kimoja wala kutumia taulo moja na mgonjwa.

Chini ya ngozi mna seli ziitwazo seli za masti, ambazo zimebeba kemikali inayoitwa histamini. Histamini ikimwagika, mishipa midogo ya damu inavuja maji, ngozi inavimba, na neva za hapo zinaleta mwasho. Kwa wagonjwa wengi wa mabaka sugu, kinachozifanya seli hizo zimwage si samaki wala mayai. Ni kinga ya mwili wenyewe iliyokosea njia na kuzichokoza seli zake. Ndiyo maana daktari huweza kupima pia tezi ya shingo, kwa sababu maradhi ya tezi hiyo yatokanayo na kinga huambatana mara nyingi na mabaka haya.

Hapa ndipo mpwa wangu alipopotea mwanzo. Kila aliyekuja kumtazama alimkataza kitu: shangazi alimkataza kamba na pweza, jirani mayai, rafiki yake wa kazini nyanya na maziwa. Baada ya miezi mitatu sahani yake ilibaki wali mweupe, mkate na chai ya sukari. Mabaka hayakupungua hata moja, ila uzito uliongezeka. Katika mabaka sugu, chakula ni sababu mara chache sana. Usijikatie vyakula vyote kwa maneno ya watu kabla ya daktari kukwambia.

Ngazi ya dawa

Dawa ya kwanza ni vidonge vya kuzuia histamini vya kizazi kipya, kama setirizini, loratadini au feksofenadini. Hivi havilewesha usingizi kama zile dawa za zamani tulizozizoea, japo setirizini huwasinzisha baadhi ya watu. Kosa kubwa ni kuvimeza pale tu mwasho unapokuja. Histamini ikishamwagika, kidonge kimechelewa. Kazi yake ni kukaa mlangoni kabla mgeni hajabisha hodi, kwa hivyo humezwa kila siku, pawe na mabaka au pasiwe.

Kidonge kimoja kwa siku kisipotosha baada ya wiki mbili hadi nne, mwongozo wa kimataifa wa madaktari unaruhusu daktari kukipandisha mpaka mara nne ya kipimo cha kawaida. Nasema daktari, si wewe mwenyewe, kwa sababu lazima atazame figo zako, moyo wako na dawa nyengine unazotumia. Hilo nalo likishindwa, ipo sindano ya omalizumabu. Na baada ya hiyo ipo siklosporini, dawa ya kutuliza kinga, ambayo huhitaji kupima figo na presha mara kwa mara.

Uzito unaingia wapi

Sasa tuje kwenye mizani. Kipimo wanachotumia ni hesabu nyepesi: kilo zako ugawe kwa urefu wako kwa mita, kisha ugawe tena kwa urefu huo huo. Mpwa wangu alikuwa na kilo 84 na urefu wa mita 1.60. Themanini na nne ukigawa kwa 1.60 unapata 52.5, ukigawa tena kwa 1.60 unapata 32.8. Kuanzia 25 mtu huhesabiwa amezidi uzito, na kuanzia 30 huhesabiwa ana unene wa maradhi.

Watafiti wa nchi mbalimbali wameona kwamba watu wenye uzito mkubwa ni wengi zaidi miongoni mwa wagonjwa wa mabaka sugu kuliko miongoni mwa watu wazima wa afya. Tena katika baadhi ya tafiti, wagonjwa wanene ndio ambao mara nyingi kidonge kimoja hakikuwatosha. Tafiti nyengine hazikuona tofauti kubwa. Kwa hivyo hakuna anayeweza kumtazama mtu mmoja akamwambia, "Mabaka yako yameletwa na unene wako." Wako wembamba wanaoteseka vibaya, na wako wanene wanaopona kwa kidonge kimoja.

Daktari alitueleza njia mbili ambazo uzito unaweza kuipunguza nguvu dawa. Ya kwanza ni ya hesabu tu. Mtu mzima wa kilo 50 na mtu mzima wa kilo 110 wote huandikiwa setirizini miligramu 10. Kijiko kile kile cha sukari ukikitia kwenye kikombe ni tamu, ukikitia kwenye birika ni chai kavu. Mfano huu si kamili, kwani dawa haienei mwilini sawasawa kama sukari kwenye chai, lakini unasaidia kufahamu.

Njia ya pili ndiyo iliyonishangaza mimi. Sisi tulidhani mafuta ya mwilini ni akiba tu, kama gunia la mchele stoo. Kumbe mafuta hayo ni kiungo kinachofanya kazi. Yanatoa kemikali zake ndani ya damu, nazo huuweka mwili katika hali ya uvimbe wa ndani, mdogomdogo, usioonekana, lakini wa kila siku. Uvimbe huo hupimwa kwa damu, kwa kipimo kinachoitwa CRP, na wagonjwa wa mabaka ambao kipimo hicho kiko juu wameonekana kuwa na maradhi makali zaidi na kuitika vibaya zaidi kwa vidonge vya histamini. Seli za masti zilizokwisha chokozwa zinakuwa kama mtu mwenye hasira anayekaa karibu na anayemchokonoa.

Kwa hivyo mizani ile haikuwa matusi. Daktari alikuwa anatafuta kujua kwa nini kidonge kimoja hakikufanya kazi, na kama apandishe kipimo mapema badala ya kumwacha ajikune miezi mingine sita.

Mtego wa vidonge vidogo vyeupe

Daktari alipomuuliza anatumia dawa gani nyengine, mpwa wangu alinyamaza kidogo, kisha akatoa mkobani kichupa kisicho na karatasi. Ndani mna vidonge vidogo vyeupe alivyoletewa na mgeni kutoka nyumbani, pamoja na embe na kachori za safari. "Hivi ndivyo vinavyonituliza," akasema. "Siku mbili tu, mabaka yote yanazama."

Vilikuwa prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi. Ni kweli vinatuliza, na kwa haraka. Daktari huweza kuvitoa kwa siku chache, si zaidi ya siku kumi hivi, mabaka yakichachamaa sana. Lakini mpwa wangu alikuwa akivimeza kwa vipindi kwa zaidi ya mwaka. Steroidi zikidumu mwilini huongeza hamu ya kula, hukusanya mafuta usoni, shingoni na tumboni, hupandisha sukari na presha, na hudhoofisha mifupa. Mabaka yalipomuanza alikuwa na kilo 74. Kadi yake ya zamani ninayo mkononi. Kilo kumi zote zimekuja baada ya hapo.

Tazama duara hili. Mabaka yanakuja, anameza steroidi. Steroidi zinamletea njaa, uzito unapanda. Uzito unapopanda, kidonge cha kawaida kinazidi kutotosha. Kisipotosha, anarudi kwenye kichupa. Juu ya hayo halali usiku, na asiyelala hula zaidi. Mazoezi ameyaacha kwa sababu jasho linamuwasha. Mtu wa namna hii ukimwambia "punguza kula", hujamsaidia. Umemwacha mle mle ndani ya duara na kumpa lawama ya kuzunguka nayo.

Jihadhari na jambo moja: aliyetumia steroidi kwa muda mrefu asiziache ghafla. Mwili huwa umesahau kujitengenezea za kwake, na kuziacha siku moja huweza kumuangusha mtu. Daktari alizipunguza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Pia mtu akiwa na mabaka, aulize kuhusu ketotifeni na dawa nyengine za zamani za aleji zinazojulikana kuongeza hamu ya kula. Na dawa yoyote isiyo na karatasi yake, hata ikiletwa na ndugu wa damu, ionyeshe kwa daktari kabla hujaimeza.

Dawa za magoti na za presha

Kulikuwa na jambo jengine, nalo linawahusu zaidi watu wa makamo. Uzito ukizidi, magoti na kiuno huuma, na wengi wetu hukimbilia diklofenaki, ibuprofeni au aspirini. Dawa hizi kwa baadhi ya wagonjwa wa mabaka sugu huyawasha moto mabaka. Mpwa wangu alikuwa akimeza diklofenaki mara tatu au nne kwa wiki kwa ajili ya goti, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Alipobadilishiwa parasetamoli, siku zake mbaya zilianza kupungua hata kabla ya mambo mengine. Lakini mwenye kutumia aspirini ndogo kwa ajili ya moyo asiiache kwa sababu ya makala haya, aulize kwanza.

Vile vile ziko dawa za presha kama enalapri na lisinopri ambazo kwa watu wachache huvimbisha midomo, ulimi au koo, hata baada ya kuzitumia muda mrefu bila ya tatizo. Mwenye presha anayevimba midomo amtajie daktari dawa anayomeza, kwa jina.

Sindano na uzito

Watu wameniuliza: je, sindano ya omalizumabu hupimwa kwa kilo? Jibu ni kwamba inategemea maradhi. Kwa wagonjwa wa pumu, kipimo huhesabiwa kwa uzito na kwa kiasi cha kinga iitwayo IgE katika damu. Kwa mabaka sugu, kipimo cha kuanzia ni kimoja kwa watu wazima wote: miligramu 300 kila baada ya wiki 4. Isipotosha, mwongozo unamruhusu daktari kuongeza kiasi au kuzisogeza karibu siku za kuchoma, na uzito ni moja ya mambo anayoweza kuyatazama hapo. Basi mgonjwa mnene asijikatie tamaa kwa kudhani sindano haimfai. Wengi huitika vizuri.

Daftari la wiki

Hapa nilipata kazi ninayoiweza. Daktari aliuliza, "Mabaka yamepungua au hayakupungua?" Mpwa wangu akasema, "Kidogo." Kidogo si hesabu. Daktari akatufundisha kipimo ambacho wao wenyewe hutumia, na mimi nikampigia mistari kwenye daftari.

Kila siku andika namba mbili. Ya kwanza ni mabaka: hakuna, 0; chini ya 20, andika 1; kati ya 20 na 50, andika 2; zaidi ya 50 au yaliyoungana kuwa makubwa, andika 3. Ya pili ni mwasho: hakuna, 0, mdogo, 1, wa kusumbua, 2, wa kukunyima kazi na usingizi, 3. Jumlisha siku saba. Juu kabisa ni 42. Ikifika 28 au zaidi, maradhi ni makali. Ikiwa 6 au chini, yamedhibitiwa vizuri. Lengo ni 0.

Pembeni tuliongeza safu mbili zetu wenyewe: uzito, mara moja kwa wiki, asubuhi ile ile na mizani ile ile, na kila dawa aliyomeza, hata ya kichwa. Ni safu hiyo ya mwisho iliyotuonyesha kwamba mabaka yalikuwa yakizidi kila baada ya diklofenaki.

Tufanye nini

Kwa mgonjwa: meza kidonge kila siku kama ulivyoandikiwa. Ukiona hakitoshi, usikiache na usijiongezee. Rudi ukaulize kuhusu kupandisha kipimo. Kubali kupimwa uzito, na mwulize daktari, "Uzito wangu unabadilisha nini katika matibabu yangu?" Una haki ya kujibiwa. Katika Ramadhani, kidonge cha mara moja kwa siku huweza kumezwa baada ya futari. Mwenye kipimo kikubwa zaidi apange saa zake na daktari kabla ya mwezi kuandama.

Kuhusu kupunguza uzito, siahidi kwamba mabaka yataondoka. Hakuna aliyenithibitishia hivyo. Lakini magoti yatapumua, presha na sukari zitashuka, na haja ya vidonge vya maumivu itapungua. Joto letu la hapa si la kwenda kutembea mchana. Tembea alfajiri au baada ya jua kuzama pale Corniche ya Matrah, au ndani ya maduka makubwa yenye baridi. Nguo ziwe pana, kwani kubanwa na joto huzidisha mwasho kwa wengi. Vyakula ulivyojikatia bure virudishe mezani: samaki wa kupaka, mboga, kunde. Kinachopungua kiwe halwa ya kila jioni, soda na chai ya sukari nyingi.

Kwa familia: acheni kumwambia, "Umejitakia kwa kula." Aliyeshindwa kulala usiku kwa kujikuna hana nguvu ya kubeba na hilo. Mkitaka kumsaidia, tembeeni naye.

Na hizi ni dalili za kukimbilia hospitali bila ya kungoja miadi: ulimi au koo kuvimba, sauti kubadilika, pumzi kuwa ngumu, au kizunguzungu cha kuanguka. Na baka likikaa mahali pamoja zaidi ya saa 24, likiuma badala ya kuwasha, au likiacha alama kama ya kuvilia damu, mwambie daktari. Huenda ni maradhi mengine yanayohitaji kipimo cha ngozi.

Mpwa wangu alianza daftari kwa jumla ya 31 kwa wiki. Alipandishiwa kidonge mpaka mara nne, akaachishwa steroidi polepole, akaacha diklofenaki. Baada ya miezi kumi jumla yake ilikuwa 4, na mizani ilionyesha kilo 79. Nilimuuliza daktari ni kipi kilichomponya kati ya vyote hivyo. Akanijibu kwamba hawezi kukitenga kimoja, na kwamba hana haja ya kukitenga. Daftari bado linaandikwa. Kila Ijumaa asubuhi mpwa wangu hunipigia simu akanisomea namba zake, na uzito huutaja wa kwanza.